Shemeji Alimshika Tumbili Mikono Mitupu kwa Sababu Yangu

Aliyeandika barua hii ni msomaji wetu wa Korogwe. Jina tumelificha, kama alivyotuomba.

Ndugu wasomaji, mimi ni Mzigua wa upande wa Mkata, nakadiria nina miaka thelathini na mitano, mke mmoja na watoto watatu. Nafanya kazi kwa daktari Mdachi anayechunguza homa ya papasi, ile inayomwacha mtu kisha ikamrudia. Huwatia tumbili homa hiyo, kisha huwatoa damu aitazame. Mimi na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndio tuliokuwa tukiwalisha na kuwashika.

Amri ni kutomgusa tumbili bila glavu za ngozi, na ukiumwa useme papo hapo. Glavu zilikuwa jozi moja tu.

Jumamosi moja nilizichukua kwa siri nikaenda nazo kurina asali Kwamndolwa. Jumatatu nikachelewa. Nilipofika, shemeji alikuwa ameng'atwa, na yule tumbili mwenyewe alikuwa amejichana mdomo kwenye waya wa banda. Damu zao zilichanganyika mkononi mwa shemeji.

"Shemeji, glavu sizioni," akasema. "Mimi ndiye niliyezivaa mwisho, nimezipoteza. Usimwambie Bwana Daktari, atanitia viboko."

Glavu zilikuwa kwenye kikapu changu. Mchana nikajifanya nimeziokota nyuma ya pipa la maji.

Baada ya wiki homa ikamshika. Ikamwacha, ikarudi, na daktari alipomuulizia nikasema yuko msibani Handeni. Iliporudi mara ya tatu mdogo wangu alikuja analia: "Kaka, daktari anakusikiliza wewe. Nenda ukamwombee dawa."

Nikaenda, nikasema ameng'atwa. Daktari akauliza, "Glavu?"

Nikajibu, "Alizipoteza, Bwana."

Alimtibu akapona, kisha akamfukuza kwa uzembe. Mimi amenifanya msimamizi wa mabanda.

Tangu hapo situlii. Juzi shemeji alikuja kwangu Manundu, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Akasema, "Umeniokoa, shemeji. Sasa niombee nirudishwe kazini. Mwambie nimejuta, glavu nitazitunza."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Nikisema kweli, nitachapwa na kufukuzwa, na nyumba zote mbili ninazozilisha sasa, yangu na yake, zitakosa chakula. Nikinyamaza, yeye ataendelea kujutia kosa langu na kunishukuru. Wenzangu, roho yangu haina pa kukaa. Nipeni shauri: nianze kwa daktari, au kwa shemeji mwenyewe?