Kibao cha Santa Brígida

Wendell Trezise alikuwa fundi wa barabara katika eneo la migodi ya shaba, jangwani Arizona. Alifukia mashimo ya lami, akaondoa ng'ombe waliogongwa, akasimika vile vibao vinavyowasimulia wapita njia mambo ya kale. Kimoja kilimnyima raha.

Kilisema: "Chini ya hapa wamelala wachimbaji wa Santa Brígida, walioporomokewa na mgodi." Sivyo. Mdomo wa mgodi ulikuwa nyuma ya kilima, kwenye mwamba. Siku ya kukisimika jua lilikuwa kali, mwamba ukamvunjia keekee ya kutobolea, naye akaona taabu ya nini. Akakisimika kwenye kokoto laini kando ya maegesho. Nani angejua?

Halafu akaanza kuja Eloisa Bracamonte, bibi kizee ambaye baba yake alifia mgodini humo yeye akiwa mtoto mchanga. Kila Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, alileta maua ya manjano na kahawa, akaketi kwenye kiti cha kukunja akipiga soga na zile kokoto. Wendell akipita na lori humpungia mkono. Mara kadhaa alisimama amwambie, akaishia kumkunjia kiti.

Mwaka huu Eloisa alipiga magoti, akabusu ardhi. Wendell akashindwa kuvumilia.

"Mama Eloisa, baba yako hayupo hapa."

"Najua, mwanangu. Yuko mbinguni."

"Hapana, mama. Kibao nilikiweka pabaya. Nilifanya uvivu. Yeye yuko nyuma ya kilima kile."

Eloisa alimkazia macho. "Kwa hiyo miaka yote hii nampa kahawa nani? Nyoka?"

"Nisamehe, mama."

"Hebu nyamaza! Hata aibu za marehemu mume wangu nimezimwaga hapa!" Akacheka, kicheko kikageuka kilio. Wendell alisimama kofia mkononi.

"Nipeleke," bibi akasema.

Gari halipiti huko. Alimbeba mgongoni katikati ya miiba na mawe. Kwenye mdomo wa mgodi uliozibwa kwa zege Eloisa akashuka, akaweka kiganja ukutani. "Papá," akaita, kwa sauti ya kitoto.

Wakati wa kurudi, bibi akiwa mgongoni tena, Wendell aliuliza kama amemsamehe.

"Bado. Tembea polepole, magoti yananiuma."

Jumatatu alikiri kwa mkubwa wake, akakihamishia kibao nyuma ya kilima mwenyewe. Siku hizi wasafiri hawakioni. Wendell humpandisha Eloisa kila Novemba, na neno la msamaha bado hajaambiwa.