Siku Nyanya Alipokisia Kazi ya Mchumba

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mwanangu, nikaachwa sebuleni peke yangu na runinga. Wakaonyesha kipindi cha zamani, cha picha nyeusi na nyeupe, ambamo mgeni huketi mbele ya watu wanne nao hujaribu kukisia kazi yake kwa maswali ya ndiyo au la. Nilicheka hadi mke wa mwanangu akaja mbio kutazama kama niko salama. Ningemweleza nini? Nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu Kiogoro, miaka ya sabini, kwenye sakafu ya jirani yetu mwalimu.

Runinga ya mwalimu ndiyo iliyokuwa ya pekee upande wetu wa kilima, nayo iliendeshwa kwa betri ya gari. Jumapili jioni tulifunga ng'ombe mapema, tukanawa miguu, tukaenda kuketi. Mwalimu alitutafsiria kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti ileile ya darasani. Na kazi za wale wazungu! Mmoja alilipwa kulalia magodoro ya kiwandani ili aseme kama ni laini. Nyanya yangu alimwonea huruma, akauliza ni nani anayemlimia shamba. Lakini aliyetuvunja mbavu ni mwoshaji wa tembo. Sisi tulikuwa tumeshaambiwa kazi yake, wale wanne hawajui. Bibi mmoja mwenye mkufu wa lulu akamuuliza kwa adabu, "Wateja wako hufurahi ukimaliza?"

"Sana."

"Unaweza kumpakata mmoja wao?"

Nyanya alijifunika uso kwa leso, mabega yakatetemeka. Bibi wa watu alikuwa anauliza kwa moyo safi, hata hakujua kinachochekesha.

Mwaka huohuo shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya, akapata mchumba kutoka Nyamira. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la nyanya. Kijana alikuja amevaa koti lililopigwa pasi vizuri, akakaribishwa, akaulizwa anafanya kazi gani. Akasema yuko kiwanda cha chai.

"Unafanya nini huko?" nyanya akauliza.

Kijana akatazama viatu vyake. Nyanya akauliza tena. Kijana akazidi kuvitazama. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, tukisikiliza na kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Shangazi alishika birika kwa mikono miwili.

"Akisema, sina ndoa," akaninong'oneza. "Mama anavyoipenda ile chai yake!"

Na kweli aliipenda. Nyanya alichuma majani ya shamba lake kwenye mvua, na jani likianguka njiani aliinama kuliokota. Sasa uso wake ulikuwa umekunjamana. Mtu anayeficha kazi yake ana kitu kibaya.

Mwalimu, aliyekuwa ameitwa kama jirani, akakohoa. "Mama, kijana anaona haya. Tumuulize kama wale wa Jumapili. Yeye ajibu ndiyo au la."

Nyanya akavuta kiti chake mbele. "Unatumia mikono?"

"Kidogo."

"Miguu?"

"La."

"Mdomo?"

"Ndiyo, mama. Sana."

"Wewe ni mhubiri?"

"La."

"Kuna kitu unatia mdomoni?"

"Ndiyo."

"Na unakimeza?"

"La, mama," akasema kijana, jasho likimtoka. "Ninakitema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya meneja."

"Naye hakufukuzi?"

"Ananishukuru."

Mwalimu akainamisha kichwa, akajikaza asicheke. Nyanya hakucheka. Alikuwa ameshafika kwenye jibu.

"Ni chai," akasema polepole. "Mimi nachuma nikinyeshewa, wewe unatema."

Kijana akainua macho kwa mara ya kwanza. "Mama, naonja ili nijue iliyoharibika. Nisipoijua, itachanganywa na yako, na yote itauzwa kama mbaya. Nikimeza siku nzima, ulimi unachoka, halafu naanza kudanganya watu."

Nyanya akaagiza chai iletwe. Shangazi aliipeleka huku vikombe vikigongana, nami nikamfuata. Kijana akachukua chake na, kwa mazoea, akavuta funda moja kwa kishindo, kama ndama aliyefika kwenye kiwele. Kuku aliyekuwa chini ya meza akakimbia nje. Kijana akagutuka, akatuangalia sote, akameza.

Hapo ndipo nyanya alipofunika uso kwa leso.

"Mpeni mke mtu huyu," akasema alipopata pumzi, "kabla sijafa kwa kicheko."

Waliishi pamoja vizuri, na hakuna mkwe ambaye nyanya alimsifu kama yule. Kwenye soko la Keumbu, alikouza ndizi, aliwaeleza wenzake kazi ile tangu mwanzo hadi mwisho, na asiyeamini alielezwa upya.

Nyanya na mwalimu wameshatutoka. Runinga sasa ziko kila nyumba, na kila mtu anatazama yake. Kazi mpya nazo ni nyingi, zina majina marefu. Mtu akitutajia kazi asiyoielewa yeyote kati yetu, tunaitikia kwa kichwa, tunasema "hongera," kisha tunazungumzia mvua. Nyanya hakuwa na aibu ya kutojua. Aliuliza swali, na lingine, na lingine, hadi mgeni akaacha kuwa mgeni.