Rais, Waziri Mkuu na Kadena Mbili

Nafundisha historia hapa Kabambare, na somo la rais wa kwanza wa nchi yetu nimelizoea. Lakini sijawahi kulifundisha vizuri kama asubuhi ile nilipokuta mlango wa darasa umefungwa kwa kadena mbili.

Kufuli moja lilikuwa la prezida wa komite ya wazazi, mchuuzi wa dhahabu aliyetoka Salamabila. La pili la sekretere wake, mkulima kutoka Wamaza. Waligombania haki ya kuitisha mikutano, kisha mmoja akatangaza sokoni, mwingine kanisani, kwamba mwenzake ameondolewa. Mikutano hufanyika darasani, basi kila mmoja akalifunga ili mwenzake asiitishe mkutano humo.

Nikawaketisha wanafunzi kwenye majani.

"Tulipopata uhuru," nikawaambia, "rais na waziri mkuu waligawana madaraka, lakini wakabishana nani ana neno la mwisho. Rais akatangaza kwenye redio kwamba amemwondoa waziri mkuu. Waziri mkuu naye akatangaza kwamba amemwondoa rais. Bunge likakataa yote mawili, lakini halikusikilizwa. Nani alishinda?"

Msichana mmoja akajibu, "Wenye bunduki, mama mwalimu."

"Ndiyo. Na tangu hapo wakubwa wetu wakazoea kumaliza ugomvi wao nje ya bunge."

Wazazi walikuwa wamekusanyika nyuma yangu, na wale wawili miongoni mwao. Prezida akapaza sauti: "Mama, unafundisha watoto watucheke?"

"Nafundisha programu ya serikali, baba. Mlango mmeufunga ninyi."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Sikurudi nyuma. Nikawageukia wazazi: "Bunge la shule hii ni ninyi. Ninyi mnasema nini?"

Mama mmoja muuza mihogo akasimama. "Miye nasema hivi: hakuna mutu wa kumufukuza mwenzake. Wazazi ndio walimuweka, wazazi ndio watamutoa. Na mukutano, hata mama wa mihogo iko na haki ya kuuita!"

Mikono ikanyanyuka, mingi kuliko nilivyotumaini. Sekretere akatoa ufunguo wake kwanza. Prezida akasitasita, akawatazama wale watoto kwenye majani, naye akafungua.

Hawakupatana siku ile, wala sikutarajia. Lakini mkutano uliofuata uliitwa na wazazi wenyewe, na wale wawili walikuja, wakakaa benchi moja, wakingoja kupewa neno kama watu wengine.