Mkimbizi wa Bukiriro

Hospitali yetu ya misheni ilijengwa kwa mawe ya waumini. Jirani yangu wa Bukiriro aliyabeba kichwani akiwa na mimba, na kila mavuno alipeleka ndizi kanisani, zikanadiwa, dawa zikanunuliwa. Kisha wakaja wakimbizi, na wafadhili nyuma yao. Wafadhili wakasema mkimbizi watamlipia wao, mwenyeji ajilipie. Mimi nilikuwa nesi wa mapokezi, na mshahara wangu ulitoka kwa wafadhili haohao, kwa hiyo msinione mwema.

Asubuhi moja jirani akaingia na mwanawe mgongoni, malaria imempanda kichwani. Hakuwa na kitu.

"Dada, nitaandika umetoka kambini," nikamwambia. "Ukiulizwa, jibu kwa kilugha." Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi ni lugha zinazosikilizana, mzungu angejuaje?

"Mimi? Mkimbizi, hapa?"

Nikamfokea. "Unataka mtoto au unataka heshima?"

Akakubali. Nikampima mtoto uzito na urefu, nikaandika. Akatundikiwa dripu, akaongezwa damu, yote bure. Siku ya tatu akafa.

Sikulia. Miaka ile tulishakufa ganzi, tukiona maiti tunauliza tu kitanda kimebaki wazi kipi. Nikamtuma mtu kijijini, baba mtoto na nduguze wakachimba kaburi migombani.

Nilichosahau, mjinga mimi, ni kwamba wafadhili walilipia hata mazishi ya wakimbizi, hukohuko kambini. Mchana lori la kambi likaja kuchukua maiti zake. Karani akasoma orodha, na mtoto alikuwamo. Jirani akanigeukia, akisubiri niseme neno.

Ningesema, kazi ingeota mbawa. Nikashika shuka, nikalikunja. Nikalikunjua, nikalikunja tena. Jirani akapanda lori na mwanawe, akaenda kumzika kambini kati ya watu asiowajua.

Jioni nilikwenda msibani, ni jirani, ningekosaje? Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, huzikwa mgomba badala ya mtu. Baba mtoto alikuwa ameuangusha mmoja, panga mkononi, hajui aukate wapi. Hakuna aliyemwambia ni nani aliyemwandika mwanawe mkimbizi. Akaweka panga juu ya gogo.

"Hapa?"

"Sogeza kidogo," nikasema. Urefu niliujua, nilimpima mwenyewe.