Samaki wa Akwariumu Ziwani Karavia

Jumapili, baada ya misa, nilimkuta bwana mmoja mwenye suti akimwaga ndoo ya samaki wa rangi katika ziwa la Karavia, huku akifanya ishara ya msalaba.

"Papa, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ni samaki ya mu akwariumu yangu, ile sanduku ya vioo ya ku nyumba, mama. Ilizala sana. Kuua ni zambi, naipatia uhuru."

Huruma gani hiyo! Samaki hao wageni watakula mayai ya samaki wetu mpaka waishe. Kama wamemzidi, si angempa jirani mwenye akwariumu?

Akapangusa mikono, akamwendea mama anayechoma samaki pale kando.

"Mama, samaki ya hapa iko?"

"Ya hapa iliisha, papa. Hii inatoka mbali, ku Pweto."

Akasonya, ndoo tupu mkononi: "Batu ba huku habajue kuchunga ziwa yao!"