Magunia Matatu Kwenye Matete

Raphaël Lwaboshi hakupewa shamba na mtu yeyote. Wanaosema aliwauza Wakongo wenzake kwa mfumu, yaani chifu wa kijiji, ili apate ardhi kando ya mto, waende wakaitafute hiyo ardhi. Ni kweli alionekana bondeni siku mbili mfululizo, futi ya kushonea mkononi, akipima pamoja na watu wa mfumu. Alikuwa anapima mahali pa kuweka mapipa. Mapipa hayo yapo hadi leo, na baadhi ya wanaomsengenya wanalowesha mihogo yao humo humo.

Alikuwa mtu wa Kiliba, karibu na Uvira, Kongo, fundi nguo mwana wa fundi nguo. Alifika Malawi na mama yake mzee, bibi Kabibi, mke wake, Annuarite, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, na mtoto wao Darlène. Kwa miaka saba alishona katika kibanda kimoja sokoni Kawale, mjini Lilongwe, mpaka ilipotoka amri ya wakimbizi wote kurudi kambini. Siku ile cherehani yake iliingia kambi ya Dzaleka imefungwa nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, naye akitembea kando, ameishika isianguke.

Chini ya kambi unapita mto mdogo. Juu yake kuna watu wa kambi; chini yake kuna vijiji vya Wamalawi wanaomwagilia bustani kwa maji hayo, na wengine wanayanywa. Pande zote mbili zilikuwa zimeunda Kamati ya Mto. Kwa kuwa Raphaël alikuwa na mwandiko mzuri, walimfanya katibu. Kila Jumamosi alishuka na wenzake kutoa chupa, plastiki na pampasi, na kupanda mianzi ukingoni.

Mwezi wa kumi maji yalipungua mpaka kwenye kifundo cha mguu. Samaki wakaelea matumbo juu, na harufu mbaya ikapanda hadi kwenye nyumba za kwanza za kambi. Watoto wa vijijini wakatokwa na vipele. Kamati ikakaa. Mwenyekiti, Épitace Nzabonimana, Mnyarwanda muuza maharage, hakutaka maneno mengi. Juu ya mto anaishi Mmalawi mmoja, Kachingwe, mfuga nguruwe. Vidole vyote vikaelekea kwake.

"Andika tu, katibu," Épitace akasema. "Nguruwe haiwezi kujitetea."

Watu wakacheka. Raphaël akaandika barua ya kuomba mabanda ya Kachingwe yavunjwe, nayo ikatiwa sahihi. Yeye ndiye angeipeleka ofisi ya serikali mjini Lilongwe Jumatatu.

Jumapili, baada ya ibada, alipanda mto peke yake. Alitaka kuyaona kwa macho yake mabanda aliyoyaandika. Aliyakuta makavu, samadi imerundikwa mbali na kufunikwa udongo. Maji yaliyopita hapo yalikuwa maangavu, visamaki vinakimbia. Basi akashuka akifuata pua yake. Harufu ilianzia kwenye matete, chini kidogo ya kambi. Akaingiza mkono majini, ukagusa gunia lililogandamizwa kwa mawe, na jingine, na jingine. Yalikuwa yamejaa mihogo.

Ni mihogo michungu, ile inayotoka Nkhotakota, kando ya ziwa. Kwao Uvira watu huilowesha mtoni siku tatu uchungu utoke, ndipo waianike na kuisaga unga wa fufu. Mto wa kule ni mkubwa, unachukua kila kitu, na hakuna aliyewahi kuuita huo uchafu. Hapa uchungu ulibaki palepale, ukaua samaki.

Magunia matatu ya mbele yalikuwa yameshonwa midomo kwa uzi mwekundu, mara mbili mbili. Uzi ulikuwa wake na mshono ulikuwa wa cherehani yake. Aliyashona mwenyewe kwa ajili ya jiko la nyumbani kwake. Jioni akaletewa fufu, akala bila kuuliza ni nani aliyeyapeleka mtoni.

Jumatatu alikwenda Lilongwe na barua mfukoni. Karani akanyoosha mkono kuipokea. Raphaël akamwambia kuna kosa ndani yake, akatoka. Alitembea mpaka darajani, upande wa mtaa wa Chilinde, akasimama akitazama mto wa mjini, ambao takataka zake hakuna tena anayeuliza ni za nani. Akinyamaza, Kachingwe angepoteza kinacholisha watoto wake. Akisema, aibu ingeanzia mlangoni kwake.

Jumanne kamati na mfumu walikutana kwenye shule ya kijiji. Kachingwe alikuwepo, kofia mkononi. Raphaël aliingia akiburuta magunia matatu yanayochuruzika maji.

"Si nguruwe," alisema. "Ni sisi. Ni mihogo yetu."

"We Raphaël, ikala chini!" Épitace akafoka. "Jua imekupiga kichwa?"

Mama mmoja akadakia kutoka nyuma, "Baba Darlène, we haukulaka fufu?"

"Ninakulaka, mama. Njo maana ninajua."

"Na hii magunia ni ya nani?"

"Ni ya kwangu. Ya bengine sitataja."

Wala hakutaja. Kambi nzima isikie: hakutoa jina la mtu hata mmoja, isipokuwa lake. Mfumu akamshukuru kwa Kichewa, "Zikomo," na Épitace akaichukua barua, akaichana.

Hata hivyo wiki ile wanakijiji waliyatoa magunia yote mtoni, na chakula cha nyumba nyingi kikaharibika. Hapo ndipo chuki ilipoanza. Wakongo wenzake walimwita Mmalawi. Waliokuwa wamemletea vitenge walivichukua kabla havijakatwa. Yeye akapima ardhi, akasimamia mapipa mpaka yakakaa mbali na mto, maji yake machungu yakimwagwa kwenye mashimo. Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, samaki walionekana tena.

Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, kwa homa ya siku nne. Wapo majirani ambao hawakuja kuzika. Kachingwe alikuja akisukuma baiskeli yenye mfuko wa mahindi, akasimama hadi udongo wa mwisho.

Matanga yalipokwisha, wamama watatu waliingia kwa Annuarite. Waliketi, wakanywa chai, kisha mmoja akalitoa swali lililowaleta.

"Mama Darlène, sasa mzee hayuko. Utuambie tu. Ile magunia, nani aliitia ku mto? Ni wewe, ao ni bibi Kabibi?"

"Ilikuwa magunia ya nyumba ya Lwaboshi," Annuarite alijibu. "Mwenyewe alisema ni yake, mbele ya watu wote. Mimi sina la kuongeza, si leo wala kesho. Mukimaliza chai, mulango uko wazi."