Mama Alipoita "Rudi Nyumbani" Nikiwa Besi ya Tatu

Juzi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi nikitazama kwenye simu mchezo wa mtoano wa besiboli kutoka Marekani, chai ikipoa mezani. Raundi ya mwisho, timu zimetoshana pointi, na mkimbiaji mmoja amesimama besi ya tatu, akikaribia kabisa kuwapa wenzake ushindi. Mpigaji akaugusa mpira kwa upole ukafia kwenye nyasi. Hapo ndipo mkimbiaji anatakiwa kuchomoka. Hakuchomoka. Alibaki amesimama, na watangazaji wakamshambulia mpaka nikazima sauti. Amezembea, walisema, hajui mchezo. Mimi nilibaki nikimtazama uso. Rafiki yangu, yule kijana hakuzembea hata kidogo. Aliogopa. Uso ule naujua kwa sababu niliwahi kuwa nao, nikiwa msichana wa shule ya msingi, kwenye uwanja mmoja wa Kings Heath.

Usishangae mtoto wa Kikenya kucheza besiboli Birmingham, mji wa watu wa kandanda na kriketi. Palikuwa na kocha mmoja, Mmarekani aliyeoa huku, aliyekusanya watoto wowote waliokuwa tayari kurusha kitu. Mama alifanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba moja ya Harborne. Jumamosi asubuhi zamu yake ikiisha alinileta moja kwa moja, sare bado iko ndani ya koti, na wakati mimi nikicheza yeye alisinzia kwenye gari. Baba siku hizo alikuwa Tyseley kwenye karakana ya treni, Jumamosi zote. Tulikuwa tukija na jirani yetu, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, ambaye hangekosa mchezo wowote wenye gongo na mpira. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na bajia za viazi zilizofungwa kwenye karatasi ya foili, na Kiswahili chake kilikuwa kingi kuliko changu.

"Kwetu Kisumu baba yangu nacheza kriketi," aliniambia siku ya kwanza. "Hii yenu ni kriketi ya watu iko na haraka."

Ni yeye aliyenifundisha kuusoma mchezo. Usimtazame anayerusha, alisema, kila mtu anamtazama huyo. Mtazame anayesubiri. Mpaka leo ndivyo ninavyotazama besiboli.

Sasa nikueleze hofu yenyewe. Sisi watoto wa Wakenya tuliokulia Birmingham tulikuwa na zimwi letu, na jina lake lilikuwa nyumbani. Ukimjibu mzazi vibaya, ukichelewa kuamka, ukikunja uso mbele ya wageni, unaambiwa, "Nitakurudisha nyumbani ukanyooke." Nyumbani hapo haikuwa nyumba yetu yenye zulia la maua na redieta ya kupasha joto inayogonga gonga. Ilikuwa Kenya, tena Kenya ya shule ya bweni, ya kuamka kabla ya jua na kuoga maji baridi. Tungecheka kama yangekuwa maneno matupu. Lakini dada mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa akitufundisha nyimbo, alienda likizo Kenya na wazazi wake. Wazazi wakarudi na masanduku. Yeye hakurudi. Jumapili hiyo mama yake alisimama mbele akasema binti ameipenda sana shule yake mpya, watu wazima wakapiga makofi, na sisi watoto tuliokaa nyuma tukatazamana.

Basi kiangazi kile, shule zikiwa karibu kufungwa, mama alinunua viatu vyeusi vya shule. Niliitwa jikoni, minji na dania vikinukia kwenye sufuria.

"Hebu vaa utembee nione," alisema.

Nikavaa, nikatembea mpaka kwenye friji na kurudi. Vilinitosha. Mama akasema, "Sawasawa kabisa," akavirudisha kwenye boksi, na boksi akaliweka juu ya kabati kando ya sanduku la safari. Hakunipa. Siku chache baadaye nilimsikia akiongea kwa simu na shangazi yangu wa Nakuru, akiuliza kama shule fulani ya bweni ina nafasi. Aliponiona mlangoni akahamia Kikuyu, lugha ambayo sikuambulia neno lake hata moja. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Tangu siku hiyo kila mlango uliofungwa pale nyumbani niliona unafungwa kwa sababu yangu.

Nilidhani jirani angenituliza. Nilimuuliza kama mtu akiambiwa anaenda likizo tu, ni likizo kweli. Akacheka akinimiminia chai.

"Mimi pia naambiwa tunaenda likizo tu, nikiwa mdogo kama wewe. Naacha mdoli wangu kwa kitanda, nasema kwaheri, nitakuja. Mpaka leo iko huko."

Alikuwa akinitania. Mimi niliona watu wazima wote, wa Kisumu na wa Nakuru, wamekula njama moja.

Timu yetu ikafika fainali ya eneo letu. Nilimwambia mama nataka kubaki niendelee kucheza, naye, akipiga pasi sare yake, akanipa masharti. "Safari bado sijakata tiketi. Mkishinda Jumamosi, mwende hayo mashindano yenu ya Agosti, tutangoja Krismasi baba yako apate likizo twende wote. Mkishindwa, tunaenda Agosti, mimi na wewe." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga siku ya kufua. Hakujua amenihukumu. Nikishinda nabaki, nikishindwa naachwa, ndivyo nilivyomsikia. Watoto wenzangu waliingia uwanjani Jumamosi ile wakitaka kikombe. Mimi nilitaka kitanda changu.

Hapa niruhusu nichambue kidogo, maana ndiyo raha yangu. Wapinzani wetu walikuwa wajanja. Kocha wetu aliwasiliana nasi kwa ishara, akigusa kofia, mkanda, sikio, na msaidizi wao mmoja alikuwa amekaa kazi yake ni kumsoma tu. Kila tulichopanga walikijua. Tulipofika raundi ya mwisho tumetoshana pointi, na wa kwanza kupiga ni mimi, kocha akaja kwenye uzio akamwita mama, aliyekuwa na sauti ya mwimbaji wa kwaya. Akamuuliza, ukitaka mtu arudi alikotoka unasemaje kwenu? Mama akajibu, "Rudi." Na ukitaka aje mpaka nyumbani? Kwenye besiboli, pale anaposimama mpigaji panaitwa nyumbani. Unatoka hapo, unazunguka besi tatu, na ukifika tena hapo bila kuguswa umepata pointi. Mama akajibu bila kufikiri, kama ambavyo mama yeyote angejibu, "Rudi nyumbani."

Kocha akafurahi. Hao hawataelewa kamwe, alisema. Akamwambia mama atakavyompa ishara kwa kisigino, na mama apaze sauti. Unaiona shida? Amri mbili zinazopingana, moja kaa na nyingine kimbia, na zote zinaanza na neno moja. Mtu asiyejua Kiswahili asingeiona. Mama naye hakuiona, kwa sababu alikijua sana. Jirani peke yake aliacha kutafuna bajia yake.

"Mama, hii maneno inafanana," alisema. Lakini mchezo ulikuwa umeshaanza tena.

Nilifika besi ya kwanza kwa sababu mrushaji wao alikosa shabaha mara nne. Nikaiba besi ya pili, yaani nikaikimbilia kabla mpira haujapigwa. Mwenzangu akapiga mpira wa chini, akatolewa, lakini mimi nikasogea mpaka ya tatu. Wachezaji wao wakasogea karibu ili wanizuie nisifike nyumbani. Mdakaji wao alikuwa na mkono mkali, na alipenda kuwanasa watu walioacha besi. Mrushaji akarusha, nikatoka hatua chache, mdakaji akainuka ghafla.

"Rudi!" mama akaita.

Nikaruka nyuma na mguu ukagusa besi kabla ya mpira kufika. Kwenye benchi lao walitazamana, hawajaelewa kitu. Kocha alitabasamu. Mpango, nauona wazi sasa, ulikuwa mzuri ajabu. Mpira uliofuata mpigaji wetu angeugusa tu ufie karibu, na mimi ningekuwa tayari katikati ya njia. Hakuna ulinzi wa jambo hilo likifanywa kwa wakati wake.

Mrushaji akainua mguu. Kocha akagonga kisigino.

"Rudi—" Nikarudi kwenye besi. "—nyumbani! Rudi nyumbani! Rudi nyumbani!"

Watu wamesema miaka mingi kwamba nilichanganywa na neno la kwanza. Kocha mwenyewe aliniomba radhi. Lakini mimi nililisikia la pili vizuri kabisa, na lilikuja kwa sauti ileile ya jikoni, ya juu ya ngazi, ya vitisho vyote. Mama alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, mdomo wazi, akiniamuru mbele ya watu wote niende mahali nilipoogopa kuliko mahali popote duniani. Nilijua ana maana gani. Kichwa kilijua. Miguu ilikataa. Mpigaji aliugusa mpira vizuri mno, mzee wa miaka themanini angefika nyumbani akitembea, na mimi nikasimama juu ya ile besi nikiikanyaga kwa miguu yote miwili. Wakauokota, wakatafuta mtu wa kumzuia, hawakumwona, wakamtoa mpigaji wetu besi ya kwanza. Aliyefuata akakosa mipira yote. Tukaingia raundi ya nyongeza, wakapata pointi, sisi hatukupata. Ikaisha hivyo.

Kwenye gari jirani alikaa nyuma, chupa ya chai mapajani. Tulipofika High Street foleni ikasimama mbele ya duka la samaki na chipsi, na mama akaongea bila kunitazama.

"Ulinisikia."

"Yeah."

"Na ukaelewa."

Ndipo nikapasuka. "Please don't leave me there, Mum. Please." Sikuweza kusema kwa Kiswahili, hata leo sijui ningesemaje. Nilimtajia viatu, simu ya shangazi, dada wa kanisani, mdoli wa Kisumu. Jirani akasema taratibu kwa lugha yake jambo ambalo sikulielewa. Mama akaegesha gari pembeni, watu wakampigia honi, hakujali.

"Viatu ni vya binti ya shangazi yako," alisema. "Miguu yenu ni saizi moja, ndiyo maana nilikujaribisha." Akazima injini. Nilianza kupumua, kumbe hajamaliza. "Lakini shule, ni kweli. Niliuliza."

Sijawahi kuogopa kama dakika ile. Alikuwa amenieleza ukweli na sikujua kama ukweli huo ulikuwa umeisha.

"Nakuongelesha Kiswahili, unanijibu Kizungu," mama alisema, na sauti yake ya kwaya ilikuwa imekwisha. "Nashinda nikiosha wazazi wa watu ambao watoto wao wanakuja Krismasi peke yake. Najiuliza, huyu wangu nikizeeka nitamwambia nini aelewe? Naogopa. Nikaona heri ukajifunze kwetu. Lakini leo nimekuita na umenitazama kama mtu anataka kukuua." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Sikuachi. Tutaenda na tutarudi wote. Pasipoti yako utashika wewe mwenyewe."

Tulienda Agosti. Nilishika pasipoti mkononi tangu Birmingham mpaka Nakuru, na usiku niliiweka ndani ya foronya. Nyanya akaniuliza mtoto analala na nini hicho kinachokwaruza, mama akamwambia, "Mwache." Nyanya alinipikia mukimo na kunipa maziwa yenye moshi wa kibuyu. Yalikuwa matamu, lakini nilikunywa nikiwa nimekaa upande unaoona sanduku letu. Binti ya shangazi alivaa viatu vyake akazunguka uani akijionyesha, nami nilimwonea wivu kwa jinsi alivyokuwa haogopi kitu. Tukarudi wote, kama mama alivyosema. Nilianza kumjibu kwa Kiswahili, vibaya mwanzoni, kisha vizuri kidogo, kisha hivi unavyonisoma.

Siku hizi uwanja ule una magoli ya kandanda, na mahali palipokuwa na besi ya tatu huwezi kupaonyesha mtu. Kocha alihamia kwao. Jirani alienda Leicester kuishi na mwanawe, na habari za msiba wake tulizipata zimeshapoa. Wale watoto wa kiti cha nyuma kanisani tumekuwa watu wazima wenye kundi la WhatsApp, tunataniana kuhusu nani nusura arudishwe, na tunacheka sana, kila mmoja na sababu yake.

Na mama amestaafu. Baada ya baba kufariki alimalizia nyumba waliyokuwa wakijenga Nakuru, akagawa vyombo vyake, akasema inatosha. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Alinifunga vifungo vya koti kama nina miaka kumi, akaniambia nile vizuri, akapita kwenye kizuizi akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha uwanja, akisukumwa na kijana asiyemjua. Tunaongea kila jioni, kwa Kiswahili. Asubuhi simu ikilia mapema na namba ni ya Kenya, huwa naiacha iite kwanza, mpaka nipate nguvu ya kuitazama. Niliogopa miaka mingi sana kuachwa Kenya, na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba ningeachwa Birmingham.